Hewa Nyepesi na Injini Isiyo na Turbo: Historia ya Ufundi wa Kutyuni Magari Tarime na Serengeti

Historia ya ufundi wa magari katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, inaanzia kwenye hewa, kwa kuwa injini humeza hewa nyingi mno kuliko mafuta, na hewa ya nyanda hizo ni nyepesi kuliko ile ya pwani ambako magari hushushwa kutoka melini. Ili kilo moja ya petroli iungue yote, bila kubakiza masizi wala hewa ya ziada, huhitajika kilo 14.7 za hewa, na uwiano huo haubadiliki, gari liwe Dar es Salaam au liwe Sirari, mpakani na Kenya. Kinachobadilika ni uzito wa hewa inayopatikana katika ujazo uleule. Uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko wa mita 1,500, ambao ni wa kawaida katika nyanda za Wakurya zinazouzunguka mji wa Tarime, lita moja ya hewa ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 14 ikilinganishwa na lita hiyohiyo ufukweni. Gari lenye turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa ya ziada ndani ya silinda, hufidia upungufu huo kwa kiasi kikubwa. Lakini gari lisilo na turbo huvuta hewa kwa mwendo wa pistoni zake tu, na hivyo hufika Tarime likiwa limekwisha kupoteza karibu sehemu moja ya saba ya nguvu zake. Kwa muda mrefu magari ya kawaida ya wilaya hizi mbili yamekuwa ya aina hii ya pili. Kwa sababu hiyo kutyuni, maana yake kupatanisha kiasi cha mafuta na wakati wa cheche kuwaka na hewa iliyopo, hakukuwa anasa ya wapenda mashindano, bali sharti la gari kupanda mlima na kurudi.

Masimulizi ya Serengeti humtaja Mmarekani Leslie Simson kuwa miongoni mwa wa kwanza kufika uwandani kwa gari, mwaka 1920, akiwa na Ford, miaka saba baada ya mwindaji mwenzake Stewart Edward White kupita kaskazini mwa eneo hilo kwa miguu. Wakati huo kiwanda cha Ford kilitengeneza gari la aina moja tu, Model T, lenye injini ya silinda nne, ujazo wa lita 2.9 na nguvu za farasi 20, nguvu ambazo hewa ya Serengeti ilizipunguza hadi kufikia kama 17. Katika gari hilo aliyetyuni injini alikuwa dereva mwenyewe, tena safari ikiendelea. Chini ya usukani, upande wa kushoto, palikuwa na kijiti cha kuharakisha au kuchelewesha cheche. Upande wa kulia palikuwa na kijiti cha kuongeza mafuta. Na mbele ya dereva, katika ubao, kulikuwa na ufito ulioshuka hadi kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ili dereva aupunguze au auzidishe mchanganyiko kadiri alivyoona inafaa. Aliyesahau kuchelewesha cheche kabla ya kupiga hendeli aliweza kuvunjika mkono, kwa kuwa silinda iliwaka kabla ya wakati na kuirudisha hendeli nyuma kwa nguvu. Ni vigumu kumkuta leo dereva wa abiria wa Sirari anayefahamu cheche ya gari lake inawaka lini. Dereva wa Ford hakuwa na hiari ya kutofahamu.

Magari ya wawindaji yaliharakisha mauaji ya simba kiasi kwamba serikali ya kikoloni ilianza kuweka hifadhi ya wanyama, ikaikamilisha mwaka 1929, na mwaka 1951 Serengeti ikawa Hifadhi ya Taifa. Uamuzi huo ulihitaji askari wa doria, na doria ilihitaji magari yanayoweza kukarabatiwa mbali na mji wowote. Upande wa pili wa Mto Mara, katika nyanda za Tarime, magari yaliingia kwa njia nyingine: kwa maofisa wa serikali, kwa wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, kwa malori ya kahawa, na kwa misheni, kama ile ya Wamenoni walioanza kazi Shirati mwaka 1934 na ile ya mapadri wa Maryknoll walioingia Musoma mwaka 1946. Vita Kuu ya Pili nayo iliacha alama, kwa kuwa jeshi la kikoloni liliwafundisha maelfu ya Waafrika wa Afrika Mashariki udereva na ufundi wa malori, na Wakurya wamejulikana kwa muda mrefu kwa kujiunga kwa wingi na jeshi na polisi, nchini Tanzania na nchini Kenya. Askari aliyerudi kwao akiwa na ujuzi wa kufungua kabureta alirudi na elimu ambayo hakuna shule ya wilaya iliyoitoa.

Kipindi cha miaka ya 1950 hadi ya 1970 ndicho kilichoumba ufundi wenyewe, na gari lililotawala kipindi hicho ni Land Rover, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Injini yake ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, iliyotoka mwaka 1958, ilikuwa na mgandamizo mdogo, yaani ilibana mchanganyiko hadi sehemu moja ya saba tu ya ujazo wake, na kwa hiyo ilivumilia petroli hafifu bila kugonga. Vijiti vya usukani vilikuwa vimekwisha kuondolewa. Wakati wa cheche sasa ulisimamiwa na distributa, chombo chenye mhimili unaozunguka pamoja na injini, vijiwe vidogo vilivyotanuka kwa kasi ili kuharakisha cheche, na kifuko kilichovutwa na mnyonyo wa injini. Mchanganyiko wa mafuta ulipimwa na jeti, yaani tundu dogo la shaba ndani ya kabureta. Dereva hakuwa tena na la kufanya. Mamlaka ya kutyuni yalihamia kwa fundi mwenye bisibisi.

Ugumu wa kazi hiyo ulitokana na tabia ya kabureta yenyewe. Kabureta huhisi kasi ya hewa inayopita, haihisi uzito wake, kwa hiyo gari likipanda kutoka ziwani kuelekea nyanda za juu huendelea kutoa petroli karibu kama ileile ilhali hewa imepungua. Mchanganyiko huwa mzito kupita kiasi, moshi mweusi hutoka, na gari hula mafuta huku likikosa nguvu. Ushahidi wa haraka ulikuwa plagi. Fundi aliizima injini ghafla baada ya gari kupanda kilima, akafungua plagi zikiwa bado za moto, akazitazama ncha: masizi makavu meusi yalimaanisha petroli imezidi, weupe kama chokaa ulimaanisha petroli ni chache na silinda iko hatarini kuungua, rangi ya kahawia hafifu ndiyo iliyotakiwa. Dawa ilikuwa kufunga jeti yenye tundu dogo zaidi, na ilipokosekana, tundu la zamani liliweza kuzibwa kwa risasi ya kulehemu kisha kutobolewa upya kwa waya mwembamba. Baada ya hapo alipanga nafasi ya pointi za distributa, kiasi cha milimita 0.4, kisha akalegeza skrubu ya chini na kuuzungusha mwili wa distributa kidogo kidogo kwa mkono huku injini ikinguruma, akisikiliza.

Hapa ndipo hewa nyepesi ilipotoa fidia ambayo fundi mzuri aliijua hata kama hakuwahi kuisoma. Injini hugonga, yaani mchanganyiko hulipuka wenyewe kabla ya moto wa cheche kuufikia, pale shinikizo na joto la silinda vinapozidi uvumilivu wa petroli. Katika mwinuko wa mita 1,500 silinda hujaa hewa kidogo, shinikizo hushuka, na hatari ya kugonga hupungua, kwa hiyo cheche inaweza kuharakishwa kuliko ilivyoandikwa katika kitabu kilichochapishwa Ulaya kwa gari la usawa wa bahari. Fundi aliyeuzungusha mwili wa distributa hadi injini ikaanza kugonga kidogo mlimani, kisha akaurudisha kwa unywele mmoja, alikuwa amelirudishia gari sehemu ya nguvu ambazo mwinuko ulizichukua. Hiyo ni elimu ya kweli, na inastahili kuandikwa katika historia ya teknolojia ya Tanzania kwa heshima ileile inayopewa mitambo ya viwandani.

Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalithibitisha jambo hilohilo mbele ya ulimwengu. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mfululizo mwaka 1966 na 1967 akiendesha Peugeot 404 isiyo na turbo, ambayo badala ya kabureta ilikuwa na pampu ya Kugelfischer iliyopima petroli kwa mitambo na kuipeleka kwenye kila silinda. Ushindi wa magari yasiyo na turbo katika mashindano hayo uliendelea hadi mwaka 1984, Toyota Celica yenye turbo ilipotwaa kombe. Hata angani hewa ilidai haki yake: watafiti Bernhard na Michael Grzimek walipohesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege aina ya Dornier mwishoni mwa miaka ya 1950, rubani alipaswa kupunguza petroli kwa kijiti kila alipopanda, kama dereva wa Ford alivyofanya miaka arobaini kabla yake.

Pigo kubwa lilikuja Februari 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika. Kwa mikoa mingi ya Tanzania hiyo ilikuwa habari ya kisiasa. Kwa Tarime ilikuwa habari ya spea. Nairobi ndiko zilikotoka jeti, pointi, kapu za distributa na gasketi, na barabara ya Sirari kuelekea Kisii ilikuwa fupi mno kuliko ile ya Dar es Salaam. Utalii wa Serengeti, uliotegemea kwa kiasi kikubwa magari yaliyotoka Nairobi, uliporomoka, na mapato ya hifadhi yakaporomoka nao. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilichukua magari na fedha za kigeni, bei ya mafuta duniani ikapanda tena mwaka 1979, na serikali ikapiga marufuku kuendesha magari Jumapili mchana ili kubana matumizi ya petroli. Doria za hifadhi zilipungua kwa sababu magari yalisimama, na majangili walitumia nafasi hiyo kuwamaliza karibu faru wote na kupunguza vibaya tembo na nyati. Ni haki kusema kwamba baadhi ya wanyama hao walikufa kwa kukosekana kwa vipuri vya gari.

Spea zilizopita kwa magendo zilipita kwa bei ya magendo, na operesheni dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983 iliwafanya wafanyabiashara wengi waogope hata kuonekana na shehena ya vipuri. Katika hali hiyo fundi alilazimika kuwa mtengenezaji: gasketi zilikatwa kwenye makaratasi magumu, kabureta ya gari moja ilifungwa kwenye injini ya gari jingine kwa sahani ya chuma iliyochongwa kwa tupa, na kutyuni kukawa kazi ya kupatanisha vyombo ambavyo viwanda havikukusudia vikutane. Uhodari wa miaka hiyo husifiwa sana, na kwa haki, lakini uliacha pia mazoea mabaya yaliyokuja kuonekana baadaye. Moja lilikuwa kuondoa thamostati, kizibo kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kufanyia kazi. Kwa Land Rover iliyojazwa mizigo, yenye rejeta iliyoziba nusu na isiyo na spea, kuitoa thamostati kulizuia injini isichemke. Kwa magari yaliyofuata, tendo hilohilo lilikuwa hasara.

Mpaka ulifunguliwa tena mwezi Novemba 1983, bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu wenye fedha zao nje ya nchi kuagiza bidhaa, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, kuanzia mwaka 1985, milango ya biashara ilizidi kulegezwa. Katika miaka ya 1990 na kuendelea, magari yaliyotumika Japani yalianza kushuka bandarini kwa wingi: Corolla, Carina, Mark II, Hiace, Noah, na baadaye Probox ambazo zimekuwa uti wa mgongo wa usafiri wa abiria kati ya miji midogo. Magari hayo yalikuja na kitu kipya chini ya dashibodi, sanduku la bati ambalo gereji za Tanzania huliita kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Asili yake ni mfumo wa Bosch uliofungwa kwenye magari ya Volkswagen mwaka 1967 ili kukidhi sheria za moshi za Marekani. Toyota ilianza kutumia mfumo wa namna hiyo katika miaka ya mwanzo ya 1970, na mwaka 1979 Bosch ikaunganisha mafuta na cheche katika kompyuta moja.

Namna kompyuta hiyo inavyofanya kazi inaeleweka vizuri zaidi kwa kulitazama jambo moja tu. Ndani ya kumbukumbu yake kuna jedwali ambalo wahandisi huliita ramani: upande mmoja umeandikwa mizunguko ya injini kwa dakika, upande mwingine umeandikwa mzigo, na katika kila chumba cha jedwali kuna muda wa nozeli kufunguka ili kutoa petroli, pamoja na pembe ya cheche. Katika injini ya 5A-FE ya Corolla na Carina, mzigo hupimwa kwa sensa ya shinikizo la hewa iliyo kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda. Ufukweni, dereva akikanyaga mafuta mpaka mwisho, shinikizo hilo hukaribia kilopaskali 101. Tarime, dereva huyohuyo akikanyaga mpaka mwisho, haliwezi kuzidi kilopaskali 85 hivi, kwa kuwa hewa ya nje yenyewe haina zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba vyumba vya juu kabisa vya ramani, vile ambavyo Toyota ilivipanga kwa nguvu kubwa ya ufukweni, havifikiwi kamwe na gari linaloishi Tarime. Kompyuta huona shinikizo dogo, hupunguza petroli, huharakisha cheche, na hufanya yenyewe, mara nyingi kwa sekunde moja, kile ambacho fundi wa Land Rover alikifanya kwa jeti na kwa mkono juu ya distributa.

Kwa mtazamo wa kwanza, basi, fundi alikuwa ameondolewa kazini. Haikuwa hivyo, kwa sababu kompyuta huamini kila inachoambiwa na sensa, na mazingira ya Mara yalikuwa yanaziharibu sensa. Petroli iliyouzwa wakati magari ya kwanza ya aina hiyo yalipofika ilikuwa bado na risasi, na risasi huua sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi, ile inayoiarifu kompyuta kama mchanganyiko umezidi au umepungua. Huziba pia masega, chombo chenye vitundu vingi kinachosafisha moshi. Mafundi wengi waliyatoa masega na kuyatupa, na magari yakaendelea bila mrejesho wa sensa, yakitumia makadirio ya ramani peke yake. Nchi za Kusini mwa Sahara zilimaliza kuachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Tatizo la pili, la kuchanganya mafuta ya taa ndani ya petroli na dizeli, lilipungua baada ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na ushuru wa mafuta ya taa kupandishwa mwaka 2011. Mafuta ya taa huifanya petroli igonge, na kompyuta yenye sensa ya mgongano huchelewesha cheche ili kuilinda injini. Mwenye gari huona tu kwamba gari limekuwa zito, akamlaumu fundi.

Na ndipo zoea la thamostati lilipodhihirisha madhara yake. Injini isiyo na thamostati, hasa katika baridi ya asubuhi ya nyanda za juu, haifikii joto lake; sensa ya joto huiambia kompyuta kwamba injini bado haijapata moto; nayo kompyuta huongeza petroli siku nzima. Gari hula mafuta, plagi huwa nyeusi, na sailensi, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, hubaki juu. Fundi aliyelelewa na kabureta alizitazama plagi hizo, akatambua kwa usahihi kwamba petroli imezidi, kisha akatafuta skrubu ya kuipunguza asiione. Alikuwa amesoma dalili sawasawa. Kilichokuwa kimehama ni mahali pa kugusa.

Magari hayo ya miaka ya 1990 hata hivyo yalimwachia fundi mlango mmoja. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye matundu yaliyoandikwa herufi, na kipande cha waya kikiunganisha tundu la TE1 na la E1 huku swichi ikiwa imewashwa, taa ya injini huanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo bila kukoma, kompyuta haina malalamiko. Ikipepesa mara tatu, ikatulia, kisha mara moja, hiyo ni 31, na katika 5A-FE maana yake ni sensa ya shinikizo la hewa. 22 ni sensa ya joto la maji. 41 ni sensa ya mlango wa hewa unaofunguliwa na kanyagio la mafuta. Waya huohuo, injini ikiwa inanguruma, huizuia kompyuta isibadilishe cheche, na hapo fundi anaweza kumulika kwa taa ya kutaimu na kuuzungusha mwili wa distributa mpaka alama isome nyuzi 10. Njia hiyo haina gharama wala haihitaji umeme wa mjini, na iliifanya gereji bubu iliyo chini ya mwembe ifanye upimaji ambao kwingineko ulidai mashine.

Upande wa pili wa mpaka mambo yalikwenda tofauti kidogo. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka minane tangu kutengenezwa, ilhali Tanzania huyatoza magari makuukuu ushuru wa ziada badala ya kuyakataza. Matokeo yake ni kwamba injini za miaka ya 1990, zenye distributa na matundu ya TE1, zilidumu zaidi upande wa Sirari kuliko upande wa Isebania, na ujuzi wa pande hizo mbili ukatofautiana ingawa mafundi hutenganishwa na geti moja.

Ndani ya Wilaya ya Serengeti injini iliyotawala ilikuwa ya dizeli, nayo haikuwa na kompyuta kabisa. Land Cruiser za watalii na za doria zilizofungwa injini ya 1HZ, iliyotoka mwaka 1990 ikiwa na silinda sita, sentimita za ujazo 4,164 na bila turbo, hupimiwa mafuta na pampu ya mitambo. Gari likitoka Arusha hupanda ukingo wa Ngorongoro, kama mita 2,300, kisha huteremka Seronera, karibu mita 1,500, na kutokea Fort Ikoma au Mugumu. Kati ya ukingo na uwanda uzito wa hewa hutofautiana kwa takriban asilimia nane. Pampu iliyopangwa kwa uwanda hutoa moshi mweusi ukingoni. Kwa ajili hiyo baadhi ya pampu za 1HZ zina kifuko cha bati kilichofungiwa, ambacho hutanuka hewa ya nje ikipungua na kusukuma kipini kinachopunguza dizeli. Kifuko hicho ni kompyuta isiyo na umeme, na wale wanaoitwa mafundi pampu, ambao ni wachache na huheshimiwa, hukipa uangalifu kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa kuwa anayekaza skrubu ya mafuta ili kumridhisha dereva anayetaka nguvu huilipisha injini kwa joto na moshi.

Injini zilizofuata, kama 1NZ-FE ya Probox, ziliifunga distributa katika historia. Kila plagi ina koili yake, muda wa valvu hubadilishwa na mfumo unaoitwa VVT-i, na hewa hupimwa kwa waya mwembamba uliopashwa moto ambao hewa huupoza inapopita. Vumbi la barabara za Mugumu likipita eya klina iliyochakaa na kuganda kwenye waya huo, kompyuta hudhani hewa ni chache kuliko ilivyo, hupunguza petroli, kisha hujisahihisha kwa sensa ya oksijeni mpaka inaposhindwa na kuwasha taa yenye msimbo P0171. Injini za D4, zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, zilizua hofu kubwa zaidi, na swali la mnunuzi wa Noah kama gari ni VVT-i au D4 limekuwa swali la kwanza kabla ya bei. Vifaa vidogo vya kupimia vinavyotumia simu vimeenea, lakini vingi vilibuniwa kwa utaratibu uliolazimishwa Marekani mwaka 1996, na magari mengi ya soko la ndani la Japani ya miaka hiyo yana soketi inayofanana bila kuzungumza lugha ileile, jambo ambalo limewafanya mafundi wengi wayaone ni mabovu magari yaliyokuwa mazima.

Kuhusu kuiandika upya ramani yenyewe, kazi ambayo Japani na Ulaya imekuwa biashara kubwa, historia ya wilaya hizi inatoa hukumu iliyo wazi. Kompyuta nyingi za Toyota za miaka ya 1990 zilikuwa na programu iliyochomwa kiwandani isiyofutika, ndiyo maana kampuni kama Apexi ya Japani iliuza vifaa vya kuidanganya kompyuta kwa kubadilisha taarifa ya hewa badala ya kugusa programu. Zaidi ya hayo, faida kubwa ya kuandika ramani hupatikana kwenye gari lenye turbo, kwa kuwa programu inaweza kuiamuru turbo isukume hewa zaidi. Kwenye gari lisilo na turbo hakuna programu inayoweza kuongeza hewa ya Tarime, na kinachobaki ni asilimia chache zinazotokana na cheche na mchanganyiko wakati kanyagio limekanyagwa mpaka mwisho. Mwenye Probox anayeahidiwa nguvu nyingi kwa programu anauziwa hewa ambayo haipo.

Toyota iliweka injini ya lita 2.8 yenye turbo katika Land Cruiser za muundo wa 70 mwaka 2023, na baadhi ya makampuni ya utalii yamekwisha kugeuza magari ya safari kuwa ya umeme, ambayo mota yake haijali mwinuko. Lakini barabara za Sirari, Nyamongo na Nata bado zimejaa injini za petroli zinazovuta hewa zenyewe, na zitakuwako kwa miaka mingi. Kwa gari la namna hiyo fundi anayejua kazi yake huanza kwa kuirudisha thamostati, hupima mgandamizo wa kila silinda, husafisha waya wa sensa ya hewa na kuziba kila mahali panapovuja, husoma plagi kama waliomtangulia walivyozisoma, na baada ya hayo yote ndipo anapochomeka mashine kwenye soketi ya kompyuta.